Mgongano wa Maslahi katika Taasisi za Umma za Utoaji Ruzuku

Mgongano wa maslahi katika taasisi inayogawa ruzuku za umma ni hali ambayo mtu aliyepewa dhamana ya kuamua nani apate fedha ana faida yake mwenyewe, ya ndugu, ya mwajiri au ya mshirika wake inayoweza kupotosha uamuzi huo, au hata kuwafanya wananchi waamini kwamba umepotoshwa. Hautofautiani na rushwa kwa uzito tu bali kwa wakati pia: rushwa ni kosa lililokwisha kutendeka, ilhali mgongano wa maslahi hutangulia kosa, na kwa hiyo kanuni zake hulenga zaidi kukinga kuliko kuadhibu.

Ugumu wake unatokana na ukweli kwamba wanaoijua fani kwa undani ndio hao hao wanaoomba fedha zake. Hilo lilidhihirika California, Marekani, ambako mwaka 2004 wapiga kura waliidhinisha dola bilioni 3 za utafiti wa seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini. Taasisi iliyoundwa kuzigawa iliwachukua wanasayansi wa kupima maombi kutoka nje ya jimbo, jambo la busara, lakini bodi yake ya wajumbe 29 ilijumuisha wakuu wa vyuo na vituo vilivyokuwa vikiomba fedha hizo. Mwaka 2007 mjumbe mmoja, aliyekuwa akiongoza kituo cha utafiti, aliwaandikia watumishi wa taasisi barua ya kutetea ombi la kituo chake ambalo walikuwa wameona halikidhi masharti. Desemba 2012 jopo la wataalamu lililoalikwa kuichunguza taasisi hiyo lilishauri muundo wa bodi ubadilishwe. Mwezi uliofuata bodi ilikubali kwamba wajumbe wanaotoka katika vyuo na vituo vya aina hiyo wasipige kura juu ya ruzuku, ingawa waliruhusiwa kuendelea kuchangia mjadala. Hatua hiyo ilikuwa nusu ya dawa, kwa kuwa neno la mkuu wa chuo kikuu mbele ya wenzake lina uzito hata asiponyoosha mkono.

Texas ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2012 ilibainika kuwa mfuko wake wa utafiti wa saratani ulikuwa umeipa kampuni moja dola milioni 11 bila ombi lake kupimwa na wataalamu, na utoaji wa ruzuku ukasimamishwa hadi mwaka 2013, sheria ilipoimarishwa na ofisa uzingativu akatakiwa kuthibitisha kila ruzuku kwamba imefuata taratibu.

Afrika Mashariki nayo ina misingi ya kisheria. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi kutangaza mali na maslahi yao, na Kenya ilipitisha sheria mahususi ya mgongano wa maslahi mwaka 2025. Hata hivyo, tamko lililojazwa kwenye fomu na kufungiwa kabatini halimlindi mwombaji asiye na jamaa ndani ya bodi. Kinga ya kweli ni mjumbe mwenye maslahi kutoka nje ya chumba kabla mjadala haujaanza, kutoka kwake kuandikwa katika muhtasari wa kikao, na muhtasari huo kuwekwa wazi kwa wananchi.