Nani Atajibu kwa Ajili ya Maskini?

Mtu afikaye ofisini na haja yake huulizwa kwanza, "Je, haja yako yahusu idara gani?" Wengi hudhani ya kuwa idara hugawanywa kwa ajili ya raha ya makarani tu. Sivyo hata kidogo. Leo twataka kueleza jinsi Waingereza walivyoipanga kazi ya kuwatunza maskini wao, maana katika habari hii twaona ya kuwa mpango mbaya wa idara waweza kuleta njaa.

Mwaka 1601, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwekwa sheria ya kwamba kila mtaa wa kanisa uwatunze maskini wake. Waliteuliwa wasimamizi wa mahali pale, wakawatoza kodi wenye mali, wakawasaidia wazee, wagonjwa na yatima. Mpango huo ulikuwa na wema wake, kwani mtoaji na mpokeaji walijuana. Lakini ulikuwa na ubaya pia: mtaa wenye wahitaji wengi ulikuwa na kodi haba, na mgeni aliyedhaniwa kuwa atakuwa mzigo aliweza kurudishwa kwao.

Basi mwaka 1834 Bunge likaubadili mpango. Mitaa iliunganishwa, na kila muungano ukawa na halmashauri iliyochaguliwa, pamoja na nyumba ya kazi ambamo maskini waliingizwa ili wapate msaada. Maisha ya humo yalifanywa magumu kwa makusudi, ili watu waogope kuomba. Mume alitengwa na mkewe, na watoto na wazazi wao. Juu ya halmashauri zote waliwekwa makamishna watatu, mjini London. Hapo ndipo penye kosa, kwa kuwa sheria iliwakataza makamishna hao kukaa Bungeni.

Mwaka 1845 ilijulikana ya kuwa katika nyumba ya kazi ya Andover, wanaume waliopewa kazi ya kuponda mifupa iwe mbolea walikuwa wakiiguguna mifupa ile kwa njaa. Habari hiyo ilipoulizwa Bungeni, nani ajibu? Makamishna hawakuwamo, na mawaziri waliokuwamo hawakuwa na kazi ile mikononi mwao. Bunge likafanya uchunguzi, na mwaka 1847 makamishna waliondolewa. Badala yao iliwekwa bodi ambayo rais wake aliweza kukaa Bungeni, akaulizwa na kujibu.

Tangu hapo mpango uliendelea kugeuka. Mwaka 1871 kazi ya bodi hiyo iliunganishwa na mambo ya afya ya watu na ya mabaraza ya miji, zikawa idara moja. Mwaka 1919 ikazaliwa Wizara ya Afya, na waziri wake wa kwanza alikuwa Christopher Addison. Mwaka 1930 halmashauri za maskini zilikoma, kazi yao wakapewa mabaraza ya wilaya na ya miji mikubwa. Mwisho, mwaka 1948, sheria ya maskini yenyewe ilifutwa. Kazi iligawanywa: fedha za wasiojiweza zikatolewa na bodi ya taifa, nyumba za wazee zikasimamiwa na mabaraza, na hospitali zikawa chini ya Wizara ya Afya.

Wazee wetu walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, ndiyo sababu kazi ya kuwatunza watu yahitaji mtu aliye karibu, awaonaye kwa macho yake. Lakini fimbo ya karibu nayo yaweza kumpiga asiye na kosa, ikiwa hakuna wa kumwuliza mwenye fimbo. Basi idara yo yote tuionayo, na tuulize mambo mawili: ni nani aifanyaye kazi hii, na ni nani atakayejibu ikiharibika?