Sauti za Ziwani na Vyombo vya Kuzinasa

Sauti ya mwanadamu haina mahali pa kukaa. Hutoka kinywani, hupita hewani, humfikia msikilizaji, kisha haipo tena. Kwa vizazi vingi watu wa kando ya Ziwa Victoria waliimba katika arusi na matanga, na kila wimbo ulikwisha usiku ule ule ulioimbwa, isipokuwa sehemu iliyosalia katika kumbukumbu za waliousikia. Kumbukumbu nazo huzeeka, na wenye kumbukumbu hufa. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti nayo ni mali. Katika insha hii tutatazama jinsi daftari lake lilivyopatikana na nani walilishika kwanza. Kisha tutauliza, ikiwa wewe msomaji wataka kulishika kwa mkono wako nyumbani kwenu, yafaa uanze na vyombo gani.

Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine iliyoweza kuandika sauti juu ya karatasi nyembamba ya bati. Miaka 10 baadaye Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alitumia sahani bapa, na sahani hiyo ndiyo mzazi wa santuri. Mashine za kwanza zilinasa sauti pasipo maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa akapaza sauti ndani yake. Sauti ikatikisa kiwambo, kiwambo kikasukuma sindano, na sindano ikachora mfuo. Mwenye sauti ndogo hakuandikika. Mnamo 1925 maikrofoni na umeme vilianza kuchukua mahali pa pembe, na tangu hapo hata mnong'ono uliweza kuingia katika sahani.

Lakini vyombo hivyo vilikuwa mbali na vya gharama kubwa, na kwa hiyo katika zama za kwanza mwimbaji ndiye aliyekifuata chombo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, ili sauti zao zitiwe katika sahani. Huku kwetu ziwani, reli ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na kwa njia ya reli zikaja bidhaa za ng'ambo, na gramafoni miongoni mwake. Basi watu wa bara wakasikia sauti za wageni zikitoka katika kisanduku kabla ya kusikia za kwao.

Ajabu ya jambo hilo twaiona katika wimbo mmoja wa Wakipsigis, majirani wa Wajaluo katika vilima vya upande wa Kericho. Walisikia sahani za mwimbaji wa Marekani aitwaye Jimmie Rodgers, nao wakalitamka jina lake kwa ulimi wao: Chemirocha. Wasichana wa Kapkatet wakamtungia wimbo, wakimwona kama kiumbe aliye nusu mtu na nusu paa, wakamkaribisha aje kucheza nao. Sauti isiyo na mwili iliyatia mawazo yao kazi, nao wakaiumbia mwili.

Twaujua wimbo huo kwa sababu mwaka 1950 Hugh Tracey alifika akaunasa. Tracey alizaliwa Uingereza akaishi kusini mwa Afrika, na maisha yake mengi yalipita katika kukusanya nyimbo za bara hili. Pamoja naye zikaja zama za pili, ambapo chombo kilimfuata mwimbaji. Alisafiri na gari lililobeba mashine zake na mtambo wa kuzalishia umeme. Tazama alivyofanya kazi, kwa maana humo mna somo kwa anayeanza leo. Mtambo wa umeme ulinguruma, kwa hiyo aliuweka mbali akavuta waya mrefu. Maikrofoni hakuisimamisha mahali pamoja akaiacha. Aliishika kwa mkono, akaisogeza karibu na mwimbaji au na ala kama wimbo ulivyotaka. Hakuwa na chumba maalumu wala kuta zilizotandikwa sufi. Alichokuwa nacho ni utulivu alioutafuta kwa makusudi, ukaribu wa maikrofoni, na sikio lililofunzwa. Rekodi hizo husikika vizuri hata leo.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini. Baada ya kufa kwake mwaka 1977 maktaba hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ulioitwa Grahamstown na ambao sasa huitwa Makhanda. Hivyo sauti za wazee wa Kenya zilihifadhiwa salama, lakini mbali sana na wajukuu wao. Ilikuwa mwaka 2014 ndipo maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipoanza kuzirudisha rekodi hizo vijijini zilikonaswa. Miaka 64 ilikuwa imepita tangu wasichana wale wa Kapkatet waimbe. Hatumlaumu aliyehifadhi, bila yeye tusingekuwa na kitu. Lakini yafaa tukumbuke kuwa mwenye chombo ndiye huamua kitakachonaswa na mahali kitakapokaa.

Somo hilo hilo twalipata katika historia ya benga, muziki wa gitaa uliochipuka kwa Wajaluo na kuenea katika miaka ya 1960, ukiiga mwendo wa nyuzi za nyatiti. Mwanamuziki wa ziwani aliyetaka sahani aghalabu alipanda gari kwenda Nairobi, kwenye studio na kiwanda cha sahani. Huko chombo kilimwekea sheria zake. Sahani ya zamani ilichukua wimbo wa dakika 3 hivi kila upande, nao mpiga nyatiti huweza kumsifu mtu mmoja nusu ya usiku. Wana benga walizoea kuugawa wimbo mmoja kwa pande mbili, maneno zaidi upande wa kwanza na gitaa zaidi upande wa pili. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania akafa kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, alipata jina lake kwa sahani za namna hiyo.

Je, faida ilimfikia nani? Waimbaji wengi walilipwa mara moja tu, kisha utepe wa asili ukabaki kwa mwenye studio au mwenye nembo. Benga ilisafiri hadi Zimbabwe, na huko ikaitwa kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo aliyezitoa na kuziuza sahani hizo. Fikiri, msomaji: muziki wa watu wengi ulifika nchi ya mbali ukiwa na jina la mfanya biashara, si la waimbaji. Kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilivirahisisha vyombo, lakini ikawarahisishia kazi na wezi wa kunakili. Hata mwaka 1993, Ayub Ogada alipotoa albamu yake ya nyatiti na sauti iitwayo En Mana Kuoyo, aliitoa kwa kampuni ya Uingereza. Yeye alifariki mwaka 2019 huko Nyahera, karibu na Kisumu.

Leo tumo katika zama za tatu: chombo kimo nyumbani mwa mwimbaji. Hili ni badiliko kubwa kuliko yote tuliyoyataja, na kijana wa Kondele, wa Mbita au wa Usenge hana haja ya kungoja gari la mgeni wala nauli ya Nairobi. Ila kuna mtego. Madukani vyombo ni vingi na vinang'aa, na anayeanza hudhani kuwa sauti nzuri hununuliwa. Historia yatuambia vingine. Kama Tracey alivyotanguliza utulivu na ukaribu kuliko mashine, nawe fuata utaratibu huo.

Cha kwanza ni mahali, napo hapana bei. Kaa nyumbani siku moja nzima ukisikiliza, na kuandika saa zenye makelele na saa zenye utulivu. Kisumu mvua ya alasiri hupiga mabati kama ngoma. Usiku vyura na wadudu wa ziwani huimba kuliko wewe. Bodaboda hazina saa. Huenda ukagundua kuwa saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, ndiyo saa yako. Kisha ingia chumbani ukapige kofi moja. Ukisikia mlio unarudi kutoka katika kuta za saruji, jua kuwa na sauti yako itarudi hivyo hivyo. Tundika mablanketi nyuma yako na ubavuni, simamisha godoro ukutani, au imba ukielekea kabati lililojaa nguo. Chumba chenye vitu laini hunyamaza. Chumba kitupu hujibu.

Cha pili ni maikrofoni. Ziko za namna mbili zinazokuhusu. Ya dainamiki ina koili ndogo inayocheza ndani ya sumaku. Ni ngumu, haihitaji umeme wa kutiwa, na husikia zaidi kilicho karibu nayo. Mfano wake ujulikanao ni Shure SM58, iliyotengenezwa tangu mwaka 1966 na ambayo waonekana katika majukwaa na makanisa hadi leo. Tena ziko za bei nafuu za namna hiyo. Ya kondensa hufanya kazi kwa vibati viwili vyembamba. Huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48, na husikia kila kitu: pumzi, nyuzi, na pia jogoo wa jirani. Penye utulivu hushinda kwa uzuri. Lakini kwa nyumba ya kawaida ya mjini, anayeanza na ya dainamiki hatajuta. Iwe ni ipi, iweke shubiri moja hivi kutoka kinywani. Ukienda mbali, sauti yako hupungua ilhali mwangwi wa chumba haupungui. Kivuke cha soksi ndefu ya nailoni, iliyowambwa katika mduara wa waya, kitazuia pumzi za herufi p na b zisiipige maikrofoni.

Cha tatu ni kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita intafesi. Kazi yake ni kuikuza sauti ya maikrofoni na kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta hufahamu, na ndicho kinachotoa zile volti 48. Mwimbaji mmoja ahitaji tundu moja au mawili tu, usilipie manane. Ziko pia maikrofoni zenye intafesi ndani yake, ambazo huunganishwa moja kwa moja na kompyuta. Programu ya kuhifadhia si lazima inunuliwe: Audacity, iliyotoka mwaka 2000, hupatikana bure.

Cha nne ni visikizi vya kufunika masikio yote, ili ala unayoifuata isivuje ikaingia katika maikrofoni. Navyo ndivyo vitakavyokufunza kusikiliza, maana aibu nyingi za rekodi husikika humo kabla hazijasikika kwa wengine.

Na asiye na uwezo wa vyote hivyo? Aanze na simu ya mkononi, katika chumba kilichonyamaza. Simu mahali pema hushinda maikrofoni ya fedha nyingi mahali pabaya. Kabla ya kuanza, imba kwanza sehemu yako ya juu kabisa, ukitazama kipimo kisifike kwenye rangi nyekundu. Sauti iliyopasuka katika tarakimu ni shida kuiponya.

Jaribu lako la kwanza lisiwe wimbo wako mwenyewe. Mwendee mzee apigaye nyatiti. Yeye huketi juu ya kigoda, huzicharaza nyuzi 8, hugonga ubao kwa pete ya chuma iliyo katika kidole kikubwa cha mguu, hutikisa njuga ziitwazo gara, na huimba, yote kwa pamoja. Ukiwa na maikrofoni moja tu, utajifunza kuisogeza hatua kwa hatua mpaka kinywa, nyuzi na pete vipatane. Kazi hiyo itakufundisha kuliko kitabu. Mwombe ruhusa kwanza, na mkubaliane wimbo utakwenda wapi na nani atakula faida yake, ili usiwe wewe ndiwe unayemtenda kama wengine walivyotendwa. Ukimaliza, andika jina lake, la wimbo, la mahali, na tarehe. Hifadhi nakala mbili katika vyombo viwili mbalimbali, moja uikae nayo wewe, moja ikae kwake.

Watu walihitaji kwenda Bombay, kisha Nairobi, ili wasikike kesho. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo. Lakini wazee wanaozijua nyimbo za zamani hupungua kila mwaka, nao hawatangoja mpaka ununue chombo bora. Anza na ulicho nacho, wangali hai.