Mihadhara ya Gifford
Mihadhara ya wazi kuhusu imani na akili, inayotolewa katika vyuo vikuu vinne vya Uskoti: Edinburgh, Glasgow, Aberdeen na St Andrews. Ilianza 1888 kwa wasia wa jaji Adam Gifford, aliyefariki 1887 na kuacha pauni 80,000. Wasia wenyewe una upana wa moyo uliokuwa adimu zama zile: mhadhiri aweza kuwa wa dini yoyote, hata asiye na dini, habari za Mungu zichunguzwe kwa hoja, kama elimu ya nyota, bila kuegemea miujiza, na asiye mwanafunzi naye aingie kusikiliza. Mwanafalsafa William James alihutubu Edinburgh 1901 na 1902. Mwaka 1981, jukwaa hilohilo lilimpokea Mwislamu kutoka Iran, Seyyed Hossein Nasr.