Mabati ya Pwani na ndoa ngumu ya alumini na chuma

Ukivuka Mto Pangani kwenda Bweni ukashika njia ya kusini, unapita minazi na mashamba ya mkonge mpaka Mwera. Nyumba za makuti bado zipo, ila paa za mabati zinazidi kuongezeka. Simama chini ya bati kuukuu, utazame palipopigwa msumari. Kutu huanzia hapo: duara la kahawia lisilozidi sarafu, kisha hutambaa kufuata bonde la bati mpaka linatoboka. Upepo wa bahari umebeba chumvi, na chumvi haina huruma na chuma.

Bati la zamani lilikingwa kwa zinki peke yake, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hataza mwaka 1837. Zinki hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe ili chuma kisalimike. Ikiisha, kinga nayo imekwisha. Alumini hudumu zaidi, kwa kuwa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha hewa. Basi mbona haikupakwa kwenye chuma tangu hapo?

Fundi wa kuchomelea anajua. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, chuma hungoja karibu 1,500. Ukivikutanisha motoni, alumini imeshakuwa uji na chuma bado kikavu, na pale vinapogusana huzaliwa kitu cha tatu: tabaka gumu linalokatika kama kigae. Likiwa nene, kiungo huachia kwa pigo moja.

Mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ikaanza kuuza bati la chuma lililochovywa katika alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Hiyo silikoni, chembe tu, ndiyo ninayoistahi kuliko vyote: huizuia alumini isikishambulie chuma kwa pupa, hivyo lile tabaka la kigae linabaki jembamba. Leo mabati ya alumini na zinki yanatengenezwa Dar es Salaam na ALAF, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Aluminium Africa.

Kuunganisha vipande vinene kulichelewa zaidi. Mwaka 1991, Wayne Thomas na wenzake katika taasisi ya TWI, karibu na Cambridge, Uingereza, walibuni njia isiyoyeyusha kitu. Pini ngumu huzunguka kwa kasi huku imekandamizwa kwenye kiungo. Msuguano huilainisha alumini, nayo pini huikoroga kama mwiko kwenye ugali. Kwa alumini na chuma, pini hukaa upande wa alumini, chuma ikakikwaruza tu. Joto ni dogo, muda ni mfupi, na kigae hakipati nafasi ya kunenepa. Mwaka 2012 Honda ilitangaza kuitumia njia hiyo kwenye fremu ya mbele ya gari la Accord la Amerika Kaskazini, fremu ikapungua uzito kwa asilimia 25.

Anayeezeka Pwani mwaka huu ajue kwamba bati la alumini na zinki halipatani na chokaa wala saruji mbichi, na waya wa shaba ukiligusa kwenye unyevu hulitoboa. Kuta zikauke kwanza, ndipo bati lipande. Na misumari iwe iliyokingwa, si mitupu.