Injini ya Kambi, si Kitengo Saidizi cha Nguvu

Orodha mpya ya istilahi za usafiri wa anga iliyonifikia hapa Tabora inaiita ile injini ndogo ya ndege, ambayo mafundi huitaja kwa herufi zake tu, eipiyu, kuwa ni "kitengo saidizi cha nguvu". Nimelitafutia jina hili sababu ya kulikubali, sijaipata. Maneno ni matatu, na yote matatu yamekosea.

Kitengo kimetoka katika kutenga, na kila msemaji wa Kiswahili anajua kitengo ni nini: kitengo cha uhasibu, kitengo cha manunuzi. Kina watumishi na kina mkuu wake. Injini haigeuki kitengo kwa kuwa tu Waingereza wanatumia neno moja kwa vyote viwili. Nguvu nayo imewekwa ovyo. Injini hii haiisukumi ndege. Inazalisha umeme, na katika ndege nyingi inatoa pia hewa ya mgandamizo ya kuzungushia injini kubwa mpaka ziwake. Lakini linaloniudhi zaidi ni hilo saidizi. Msaidizi hufanya kazi kando ya mwenye kazi. Ndege imeegeshwa, injini kubwa zimezimwa, taa zinawaka, abiria wanapata ubaridi, rubani anakagua vipimo vyake. Anayesaidiwa hapo ni nani? Injini ndogo iko peke yake, na kazi yote ni yake.

Mimi nimependekeza injini ya kambi, tena kwa maandishi. Nikajibiwa na kamati iliyoitunga orodha kwamba kambi ni neno la porini, halifai kuingia katika sayansi, na isitoshe ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Hoja zote mbili zinaonyesha watu wasioijua historia ya lugha wanayoitungia istilahi.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe kabla ya kugawanyika, mkono mmoja kwenda Ujiji na mwingine kupanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton anayataja maboma ya kulala misafara kwa jina la khambi, akiliandika kama neno la wenyeji wa njia ile. Sibishani na anayesema mzizi wake umevuka bahari. Ninachosema ni kwamba neno hili lilikwisha zoeleka vinywani mwa Wanyamwezi na Waswahili wa misafara miaka hamsini na zaidi kabla Mwingereza hajatawala Tabora. Wajumbe wa kamati wangeliuliza huku.

Tena neno hili halikuja peke yake, limekuja na vitenzi vyake. Msafara ukifika hupiga kambi: mizigo inatuliwa, mioto inawashwa, maisha yanaendelea ingawa mwendo umesimama. Alfajiri kambi huvunjwa. Ndege nayo hupiga kambi inapowasha injini yake ndogo kituoni, na huivunja pale injini kubwa zinapokwisha kushika na jenereta zake kuanza kuzalisha umeme. Nani anaweza kupiga au kuvunja kitengo saidizi?

Wako waliokuja na injini ya mkiani. Hawa wameangalia ndege za siku hizi tu. Boeing 727, iliyoruka kwanza mwaka 1963 na ambayo ndiyo iliyoizoesha dunia ya abiria injini hii, ilikuwa na injini tatu kubwa huko nyuma. Ile ndogo ikawekwa katika uvungu wa magurudumu. Ilikusudiwa viwanja vidogo visivyo na mitambo ya kuihudumia ndege ikiwa chini, viwanja kama vingi vyetu. Wengine wanataka injini ya hewa. Boeing 787, ambayo Air Tanzania iliipokea ya kwanza Julai 2018, injini yake ndogo haitoi hewa ya mgandamizo kabisa. Inatoa umeme, na injini kubwa zinawashwa kwa umeme huo. Na ndugu yangu mmoja wa hapa hapa Unyamwezi ameshikilia injini pagazi. Namheshimu, lakini mpagazi hubeba mzigo safari nzima, na hii huzimwa safari inapoanza.

Pingamizi moja ndilo lenye uzito: injini hii huweza kuwashwa hata angani. Ni kweli. Januari 2009, rubani wa ile Airbus A320 iliyotua juu ya Mto Hudson aliiwasha mara tu ndege walipoharibu injini zake kubwa. Lakini kambi haikuwa ya kupumzikia tu. Mwaka 1871, mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alikwama Kwihara, hapa karibu na Tabora, miezi kadhaa. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa hapo hapo akingoja wapagazi kutoka pwani. Mwendo ukikatika ghafla, kambi ndiyo inayowaweka watu hai.

Na watengenezaji wenyewe wameona nilichokiona. Ndege za ATR, ambazo Precision Air inazirusha, kwa kawaida hazina injini ndogo. Ndege ikiwa chini, injini ya kulia inaachwa ikiwaka huku rafadha yake imefungwa breki, ndege ipate umeme na hewa. Marubani huiita hali hiyo hoteli. Wao wameridhika na hoteli, sisi tunaionea haya kambi.

Kwa matumizi: injini ya kambi, wingi injini za kambi, umeme wa kambi, hewa ya kambi, "piga kambi" kwa kuwasha, "vunja kambi" kwa kuzima. Orodha ile bado haijaingia katika vitabu vya wanafunzi, na naomba kifutwe kipengele hicho kabla haijaingia.