Krismasi ya Usukumani Huanza Juni



Kila ikifika Disemba tunawasikia jirani zetu Wakristo wakilalamika. Nauli za mabasi zimepanda, mchele ghali, watoto wanataka nguo, na Januari skuli zinafunguliwa. Krismasi si sikukuu yetu, lakini wengi wetu tumeolewa bara au tutaolewa huko, na ukiishi Kahama au Geita utapika biriani ya Idd huku jirani wa ukuta wa pili ndiye yule anayehangaika na Krismasi. Ukiitazama historia ya sikukuu hiyo kule Shinyanga utaona kwamba mahangaiko yake hayatokani na uzembe wa mama wa nyumba. Yanatokana na kalenda.

Tarehe 25 Disemba ilifika Usukumani pamoja na wamisionari. Mapadri Wakatoliki walijenga Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Waprotestanti wa Africa Inland Mission wakafuata mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali yao ya Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ni ya mwaka 1913. Sikukuu waliyokuja nayo ilizoea Ulaya, ambako Disemba ni baridi, mazao yameshaingia ghalani na shamba limelala. Shinyanga ni kinyume. Mvua huanza Oktoba au Novemba, pamba hupandwa tangu katikati ya Novemba mpaka katikati ya Disemba, mahindi na mpunga navyo vinataka mikono. Chakula cha mwaka jana kinapungua na kipya hakijatoka. Krismasi ikaangukia mwezi wa jembe, na haihami.

Wanawake wa Kisukuma hawakusubiri mtu awafundishe la kufanya. Kabla ya makanisa walikuwa na elimu yao ya kuuvuka msimu wa njaa. Kiangazi, jua likiwa kali na viazi vitamu vimejaa, huvikata na kuvianika. Vikianikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa, na vyote hukaa miezi mingi. Mpunga nao huvunwa karibu na Mei na Juni, bei ikiwa chini, na mwenye akili huuweka na maganda yake, kwa sababu mpunga hukaa vizuri kuliko mchele uliokobolewa. Kwa hiyo pilau ya Krismasi ya mwanamke huyo ilishaamuliwa miezi sita nyuma, siku aliposema gunia hili haliuzwi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kupika ni jambo la asubuhi moja tu.

Pesa ilikuwa na hadithi yake. Pamba hulipa mara moja kwa mwaka, kuanzia Juni hivi, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa wakati wa kununua vitenge, khanga, baiskeli na mabati. Wafanyabiashara waliifuata pesa hiyo vijijini. Nguo ya Krismasi isiyonunuliwa wakati huo ilikuwa ngumu kupatikana Disemba, maana pesa ilishageuka mbegu na vibarua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni, mafuta na khanga zilipoadimika nchi nzima, hata mwenye pesa alilazimika kuanza mapema, kilo moja leo na nyingine mwezi ujao. Bibi zetu Unguja waliopanga foleni za chakula enzi za Mzee Karume hawahitaji kuelezwa hilo.

Migodi ikaleta pesa za aina nyingine. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na pale watu wakapata mshahara wa kila mwezi. Geita ulikuwapo mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Mke wa mtu wa mshahara anaweza kujipanga kwa kutenga kidogo kila mwezi. Mke wa mchimbaji mdogo hana bahati hiyo. Dhahabu haina mwezi wala msimu: shimo linaweza kutoa wiki hii, kisha likakaa kimya mpaka Pasaka. Biharusi mwenzangu, kama mchumba wako ni mtu wa mashimo, hili ulijue kabla ya kupanga rangi za ukumbi.

Dawa waliyoipata wanawake wa huko ni ya vikundi. Wengi huweka hisa kila wiki kwenye kikoba na kukivunja Disemba, kila mmoja akaondoka na fungu lake, au huchanga pamoja wakanunua ng'ombe mmoja mnadani wakagawana nyama. Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na vilipoingia Tanzania miaka kama kumi baadaye, wanawake wa Jozani hapa hapa Unguja walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuvijaribu. Basi tusiende Kahama tukajifanya wageni wa kikoba.

Ng'ombe wa kuchanga ana swali lake: nani atamchinja? Kwa desturi ya muda mrefu katika miji ya Tanzania nyama ya kuuzwa huchinjwa na Muislamu, ili kila mtu aweze kula. Katika ukanda wa Geita jambo hilo liligeuka ugomvi, na Februari 2013, huko Buseresere, damu ilimwagika na mchungaji mmoja akauawa. Nalitaja kwa uchungu, kwa sababu ni historia ya juzi na waliokuwapo wangali hai. Mkiwa mnachanga ng'ombe na majirani wa dini nyingine, suala la mchinjaji huzungumzwa siku ya kuanza kuchanga, watu wakiwa wametulia. Siku ya sikukuu, kisu kikiwa mkononi na watoto wana njaa, maneno hayasikiki tena.

Sisi kalenda yetu ni ya mwezi, na hapo ndipo tunapotofautiana nao. Idd el Fitri, Mfunguo Mosi, na Idd el Haj, Mfunguo Tatu, hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa miaka 33 hivi. Mwaka 1983 Idd el Fitri ilikuwa Julai, ghala limejaa. Mwaka 2000 ilikuja siku mbili tatu baada ya Krismasi, na Muislamu wa Shinyanga akaonja kile ambacho jirani yake hukionja kila mwaka. Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Ibada waliihesabu kwa mwezi, na kilimo na safari za majahazi wakavihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, ule mwaka ambao Makunduchi bado wanaukoga kila Julai. Anayeolewa bara anahitaji hesabu zote mbili kichwani.

Idd el Fitri itarudi tena kwenye juma la Krismasi mwaka 2033, na Ramadhani yake itaanza mwishoni mwa Novemba, watu wakiwa shambani wanapanda. Biharusi wa mwaka huu atakuwa na mtoto wa skuli wakati huo, Inshallah. Michembe ya futari na gunia la mpunga wa pilau vitatakiwa viwe vimeshawekwa tangu Juni na Julai ya mwaka huo, na jirani yake Mkristo atakuwa anaanika na kuweka vyake siku hizo hizo.