Pete ya Tumbo Hukalishwa

Tafsiri iliyonitoa kwenye ukimya ni hii: "kukaza bendi ya tumbo". Nimeikuta katika maelezo wanayopewa wagonjwa waliovishwa pete ya kupunguza unene, kisha nikaikuta tena katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na kamati ambayo sina haja ya kuitaja. Tafsiri nzima ina kasoro, lakini "kukaza" ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, kwa maana inamfundisha mgonjwa kula kwa mateso na kuyahesabu mateso hayo kuwa tiba. Badala yake napendekeza "kukalisha pete". Nimelitetea pendekezo hili katika vikao, na kila mara limewekwa kando bila kujibiwa kwa hoja. Sasa naliweka mbele ya wasomaji.

Tuanze na jina la kifaa. "Bendi" limetoka Kiingereza na kwetu limekwisha kupata makazi yake: bendi ni Msondo Ngoma, ni Mlimani Park, ni gitaa na tarumbeta. Kumwambia mama wa Tandika kwamba ana bendi tumboni ni kumtaka asahau kwanza Kiswahili chake ndipo aelewe matibabu yake. Wenzetu wengine waliliona hilo wakakimbilia "mkanda". Hili ni neno letu halisi na ukoo wake ni mrefu. Katika Kikongo, nkanda ni ngozi, na pia ni karatasi, barua na kitabu. Kwetu limekuwa mkanda wa suruali, likawa mkanda wa filamu, likawa hata mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa malengelenge yenye maumivu makali yanayojipanga ubavuni. Neno lenye wajukuu wengi kiasi hicho lisiongezewe mzigo, hasa kwa kuwa mkanda wa tumbo tayari upo: ni ule wanaoufunga wazazi baada ya kujifungua ili tumbo lirudi. Mgonjwa akiambiwa amewekewa mkanda wa tumbo, atautafuta juu ya nguo.

Pete haina utata huo. Waganda wana empeta, Wanyarwanda wana impeta, nasi tuna pete. Ni ndugu wa damu moja. Pete ni duara linalovishwa juu ya kitu likakaa pale, na kifaa hiki ndivyo kilivyo: duara la silikoni linalovishwa sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo na kuacha juu yake kijifuko kidogo. Kiswahili kimekwisha kusema kwamba chanda chema huvikwa pete, na wasioachana huitwa chanda na pete. Pete ya tumbo nayo huishi na mwenyewe kwa miaka. Anayeipinga alete neno lililo bora kuliko hili.

Ugomvi wenyewe uko kwenye kitendo. Upande wa ndani wa pete, unaoligusa tumbo, una puto. Puto hilo limeunganishwa kwa mrija na kidude kilichoshonewa juu ya msuli wa tumbo, chini ya ngozi. Daktari hukidunga kwa sindano maalumu, akatia maji ya chumvi au akayatoa, mililita chache au hata chini ya mililita moja. Kutia na kutoa ni kazi moja. Lubomyr Kuzmak, daktari mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, alipoanza kuwavisha wagonjwa pete ya namna hii mwaka 1986, jambo jipya lilikuwa hilo hilo: upana wa pete ungeweza kubadilishwa bila kumpasua mtu tena. Mwaka 1993 Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, aliivisha kupitia matundu madogo huko Huy, Ubelgiji. Mwaka 2001 Marekani nayo ikaiidhinisha. Tangu mwanzo, thamani ya kifaa hiki imekuwa kwamba kinabanwa na kuachiwa. Mwanamke akishika mimba, maji yanaweza kupunguzwa. Mgonjwa akitapika mfululizo, maji hutolewa. Kamati inayoiita kazi yote hiyo "kukaza" imetafsiri nusu na kuitupa nusu, na nusu iliyotupwa ndiyo inayomwokoa mgonjwa.

Tena kukaza kwa Kiswahili ni kitenzi chenye sifa ndani yake. Tunakaza mwendo, tunakaza moyo, kocha huwaambia vijana wakaze buti, na anayekazana zaidi ndiye hodari zaidi. Kitenzi hiki hakina kipimo cha juu, hakisemi imetosha. Jirani yake ni kufunga mkanda, na Watanzania walioishi miaka iliyofuata Vita vya Kagera wanaukumbuka wito wa kufunga mkanda kwa miezi 18. Kufunga mkanda ni kuvumilia njaa. Basi mgonjwa anayesikia kwamba "amekazwa" hupokea fundisho zima bila kuambiwa: vumilia, usilalamike, kubana zaidi ni kupona zaidi.

Hili silisemi kwa nadharia. Shangazi yangu alivishwa pete huko Uingereza, na mkalimani wake alitumia istilahi hiyo hiyo ya kamati. Nilimpigia simu kumjulia hali baada ya maji kuongezwa.

"Shikamoo, shangazi. Chakula kinapita?"

"Marahaba, mwanangu. Kinapita wapi? Hakikai. Nikila kinarudi."

"Umewaambia kliniki?"

"Niwaambie nini, na wao ndio wamenikaza? Wakilegeza, si nitanenepa tena?"

Neno ndilo lililomfunga mdomo. Alipokubali kusema, maji yalipunguzwa kidogo, na baada ya muda akanipigia mwenyewe: sasa chakula kinakaa. Mwanamke ambaye hajawahi kuingia katika kikao cha istilahi alikitaja kipimo chenyewe cha tiba kwa kitenzi kimoja, kitenzi ambacho wataalamu walikuwa nacho vinywani siku zote wasikione.

Wapinzani wangu hudai kwamba pete ni kizuizi, na kizuizi hukazwa. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2011 Paul Burton na Wendy Brown wa Melbourne walieleza kwamba pete iliyowekwa sawa hufanya kazi kwa kuleta shibe. Tonge likifika kwenye pete, umio hulisukuma mara kadhaa mpaka lipite, na mgandamizo huo katika sehemu ya juu ya tumbo ndio unaopeleka habari ya kushiba. Tonge moja linaweza kuchukua karibu dakika nzima kupita. Kijifuko cha juu hakikuwekwa ili kijazwe mpaka kifurike. Anayekijaza kwa haraka hulipa kwa maumivu ya kifua, mate mazito yanayojaa kinywani, na chakula kinachorudi.

Ndiyo sababu mgonjwa hujifunza kula upya kila maji yanapoongezwa. Siku ya kwanza au mbili ni vinywaji na supu nyepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, ndipo arudi kwenye mlo wa kawaida. Matonge yawe madogo, yatafunwe mpaka yalainike kabisa, na tonge la pili lingoje la kwanza lipite. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Wali, mkate mwororo na nyama kavu huwasumbua wengi, kwa kuwa hushikamana au huwa na nyuzi zinazokwama. Dalili ya kwanza ya shibe ikija, mkono uache sahani. Yote haya ni mafunzo ya utulivu, na hakuna hata moja linalotokana na kukaza.

Madhara ya "kukaza" yanajulikana kwa kila anayewahudumia wagonjwa hawa. Pete ikibana kupita kiasi, samaki na mboga havipiti, lakini aiskrimu, soda na chokoleti iliyoyeyuka hupita bila shida. Mgonjwa aliyebanwa huishia kula vile vinavyoteleza, uzito wake haupungui, naye huomba akazwe zaidi. Usiku hukohoa na kupata kiungulia, na kutapika kwa mfululizo kunaweza kuitelezesha pete kutoka mahali pake. Istilahi inayomwongoza mtu kwenye njia hiyo haiwezi kuitwa sanifu, hata ikiwa na mihuri ya vikao vyote.

Sasa nije kwenye "kukalisha". Kaa ni kitenzi cha asili kabisa cha Kibantu. Wakikuyu wana gũikara, Wakamba wana kwĩkala, Wagiriama wana kukala. Kiswahili kiliidondosha "l" iliyokuwa katikati, lakini sauti hiyo haikutuacha: irefushe kaa kwa kiambishi nayo hurudi, katika kalia, katika kalika, katika kalisha, na hata katika makalio. Anayesema kukalisha ni neno la kubuni hajui kwamba analitazama umbo la kale la kitenzi anachokitumia kila siku. Na matumizi yake ni mapana kwa namna inayotufaa hasa. Pete hukaa kidoleni. Mambo hukaa sawa. Chakula hukaa tumboni, au hakikai. Nguo nayo humkaa mtu: fundi cherehani mwenye kuijua kazi yake humvika mteja gauni, akamwambia ainue mikono, akamwambia aketi, kisha hubana hapa na kuachia pale mpaka gauni limkae. Hakuna anayesema kwamba fundi huyo amelikaza gauni. Amelikalisha. Katika kitenzi hicho mna kubana, mna kuachia, mna mwili wa mtu fulani asiyefanana na mwingine, na mna mwisho: ikishakaa, kazi imekwisha.

Kuna waliopendekeza "urekebishaji". Lakini kurekebisha ni kukitengeneza kilichokosewa, na mgonjwa atauliza ni nani aliyekosea mara ya kwanza, ilhali kurudi kliniki wiki kadhaa baada ya upasuaji ni utaratibu uliopangwa tangu mwanzo. Wengine wakaleta "udhibiti", neno zuri la Kiarabu lililozoea kukaa na bei, mipaka na magendo. Sioni kwa nini lihamishiwe tumboni mwa mtu. Na mjumbe mmoja alinipinga kwa kusema kwamba kukalisha ni lugha ya viwanjani, kwamba mshambuliaji ndiye "humkalisha" beki. Pingamizi hilo lilinihuzunisha, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyepewa dhamana ya lugha. Kitenzi kinachochezewa na vijana uwanjani ni kitenzi kilicho hai, na uhai ndio sifa ya kwanza ninayoitafuta katika istilahi. Tukiyafukuza maneno yote yenye maana ya pili mitaani, tutabaki na orodha za kamati tu.

Kosa la kukaza limezaa makosa mengine yanayopaswa kusahihishwa pamoja nalo. Chakula kinachorudi kabla ya kuipita pete kimeandikwa kuwa ni "kutapika". Kina jina lake: ni kucheua. Mama anayelea anajua tofauti ya mtoto anayecheua na mtoto anayetapika, na daktari wa pete anaihitaji tofauti hiyo ili ajue maji yapunguzwe au ugonjwa mwingine utafutwe. Tonge lililokwama limeandikwa "kuziba", wakati Kiswahili kina kusakamwa. Na hali ile ya kutotamani tena chakula wakati tumbo halijajaa tunaweza kuiita kukinai, kutoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuridhika. Kushiba ni kwa tumbo. Kukinai kunagusa na moyo. Pete iliyokaa vizuri humfikisha mtu kwenye kukinai.

Matumizi ni rahisi: daktari hukalisha pete, pete imekaa, haijakaa, au imebana, tendo ni ukalishaji, na swali la kliniki ni moja, chakula kinakaa?

Nimeambiwa pia kwamba nachelewa, kwamba siku hizi madaktari wengi hulikata tumbo lenyewe na pete imepungua. Imepungua kweli. Lakini waliokwisha kuvishwa bado wanakula kila siku, bado wanarudi kliniki, na wengine wanazeeka nayo wakizungumza Kiswahili. Hawa wanadai istilahi iliyo sahihi kama wale wa tiba mpya wanavyodai.

Nawaomba wauguzi, wakalimani na wahariri waifute "kukaza bendi" popote waikutapo na kuandika "kukalisha pete". Kamati ikiwa na hoja dhidi ya neno hili, iilete hadharani, nami nitaijibu hadharani. Na wewe uliyevishwa pete, chakula kisipokaa usivumilie kwa kudhani kwamba uvumilivu ndiyo dawa. Rudi kliniki ukaseme hivyo hivyo: hakikai. Kutia maji na kutoa maji ni kazi ya daktari, na zote mbili ni haki yako.